Kusafiri na kulala garini na mbwa wakubwa ukitokea Malindi

Haya nawaandikia wenzangu wa Malindi, Watamu, Kilifi na huku kote pwani wenye mbwa wakubwa, shepadi, rotwaila, boaboel na machotara yao, ambao wamechoka kumwachia mlinzi mbwa kila wakisafiri na sasa wamepata vani ya kulala au wanafikiria kumpelekea fundi HiAce aitengeneze iwe na kitanda na jiko waende nayo hadi bara. Inawezekana kabisa, na mbwa akishazoea anaipenda safari kuliko wewe. Lakini pwani yetu ina mambo yake, na mbwa wa kilo 40 au 50 haumpangii kama kale ka kubebwa kwenye kikapu.

Kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla hujawaza godoro wala jiko, nacho ni joto. Saa ya kutoka, njia ya kupita, pa kulala, saa ya kula, yote yanapangwa kufuata joto la mbwa, ratiba yako wewe inafuata nyuma. Ukikubali hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Joto

Mtu akisikia joto anatoka jasho mwili mzima. Mbwa hana hiyo, jasho lake ni kidogo tu kwenye nyayo, kupoa kwake ni kutweta, anatoa ulimi hewa ipite juu ya mate, mate yakauke na joto liondoke nayo. Sasa chukua hewa ya Malindi mwezi wa pili au wa tatu, unyevu umejaa mpaka chumvi inashikana kwenye kopo, hayo mate yatakauka saa ngapi? Mbwa anaweza kutweta mpaka mbavu zichoke na mwili usipoe. Mkubwa ndo anaumia zaidi manake mwili mnene unashika joto na unachelewa kuliachia, na wale wa pua fupi kama boaboel na bulmastifu hata njia yao ya hewa ni nyembamba. Mwenye manyoya mengi kama shepadi usimnyoe kipara ukidhani unamsaidia, yale manyoya ya juu yanamkinga na jua, wewe mchane vizuri siku kadhaa kabla ya safari yale ya ndani yaliyokufa yatoke.

Nje kukiwa nyuzi 30, gari iliyofungwa inafika karibu 40 ndani ya dakika 10 na ikipita nusu saa inakaribia 50, na kushusha kioo vidole viwili hakubadilishi kitu cha maana. Kwa hivyo mchana mbwa haachwi ndani ya gari iliyozimwa, hata kama unaingia dukani kununua mkate tu. Mkiwa wawili mmoja anabaki, ukiwa peke yako mbwa anashuka na wewe kwa kamba, na kama duka haliwezekani na mbwa basi mkate utanunua mbele.

Majira pia chagua. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndo wakati wageni wamejaa na kila mtu anataka kutembea, lakini kwa mbwa mkubwa ndo wakati mbaya. Safari ndefu ngoja kusi, Juni mpaka Septemba, masika imeshapita na usiku kunapigwa na upepo, mbwa analala bila kutweta na wewe pia unalala.

Kutengeneza gari

Mbwa wa kilo 50 ni mfuko mzima wa simiti. Ukifunga breki ghafla kwa sababu tuktuk imejitupa barabarani bila kuangalia, ule mfuko unakuja mbele na kasi ile ile gari iliyokuwa nayo, shingoni kwako au kioo cha mbele. Kwa hivyo kitu cha kwanza kumwambia fundi wa kuchomelea ni ukuta wa wavu wa chuma kati ya viti vya mbele na nyuma, na ule wavu ufungwe kwa bolti kwenye bodi ya gari yenyewe, usikubali afunge kwenye plaiwudi manake plaiwudi inang'oka. Alafu huko nyuma kila mbwa awe na hanesi ya kifuani inayoshikwa kwenye ringi ya sakafuni, kamba fupi ya kumtosha kusimama, kujigeuza na kulala. Usifunge kwenye kola ya shingo, breki moja tu inamvunja shingo.

Sakafu wengi wanaweka ile ya plastiki ya kung'aa sababu ni rahisi kuosha. Mbwa mkubwa kucha zake zinateleza hapo kila kona, anakakamaa safari nzima kujishikilia, akifika hata kutembea hataki, na hizi aina kubwa tayari zina tabia ya kuumwa nyonga. Weka mpira wenye mistari, ule wa mabasi, unaoshwa na unashika. Pia tengeneza ubao wa kupandia, mita 1.5 mpaka 2, uzungushie zulia la zamani, ulale chini ya kitanda gari ikienda. Kuruka kutoka garini chini mara nyingi kwa siku, tena kwenye lami, kunamaliza mabega ya mbwa mzito pole pole na huoni mpaka akizeeka.

Hewa ya usiku ndo utatumia pesa nyingi. Madirisha ya kuslaidi pande mbili yapishane upepo, feni ya paani ya kutoa hewa moto, na feni ndogo mbili za volti 12 chini kabisa usawa wa mbwa, manake wewe uko juu kitandani unapata upepo na yeye yuko chini hana kitu. Feni za aina hiyo zinakula umeme kidogo, betri ya 100Ah na paneli ya sola paani zinakufikisha asubuhi. Eyakondishena ya nyumba usiifikirie kwa betri, ikivuta wati 1,000 basi betri ya litiamu ya 100Ah unaimaliza kwa saa moja na kidogo. Wavu wa mbu wa kawaida mbwa anaupasua kwa kucha moja, kwa hivyo weka wavu wa chuma kwa ndani na wa mbu kwa nje.

Maji ya mbwa yawe na jerikani lake. Hesabu ni kama mililita 50 mpaka 60 kwa kila kilo ya mbwa kwa siku, yaani wa kilo 40 anataka lita 2 na zaidi siku ya kawaida, na siku ya joto hata mara mbili yake. Mbwa wawili, jerikani la lita 20, unalijaza kila ukipata maji safi. Beseni la chuma zito lenye mdomo ulioingia ndani halimwagi sana gari ikitikisika, na kila mkisimama mpe kidogo kidogo kuliko kumpa beseni zima mara moja.

Ukishabadilisha matumizi ya gari hivyo, nenda NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ubadilishe maelezo ya bodi kwenye logibuku na uwaambie watu wa bima. Hilo fanya mapema, usingoje uulizwe kwenye barabara.

Kumzoesha

Usimtoe mbwa uani siku moja ukamweka masaa tisa ndani ya gari. Anza gari ikiwa imesimama imezimwa, mpe chakula chake humo ndani siku kadhaa mpaka akiona mlango wazi anapanda mwenyewe. Kisha washa injini akiwa anakula. Kisha mzungushe mpaka Gede urudi, kisha Watamu, na huko mwendako kuwe na kitu kizuri, kutembea, kuogelea, asije akajifunza kwamba gari ni ya kupelekwa sindano tu. Anayetapika asile masaa matatu manne kabla ya kuondoka, na wengi inaisha wenyewe wakizoea.

Fundisha kitu kimoja kwa nguvu zako zote: mlango ukifunguka hashuki mpaka aambiwe. Kamba inafungwa kwanza, mlango ndo unafunguliwa. Ile milango ya nyuma ya HiAce ikiinuka juu mbwa wote wawili wanaona dunia nzima iko wazi, na kama mko kando ya barabara ya Mombasa ambako malori yanapita mfululizo, nafasi ya kumrudisha haipo.

Makaratasi na daktari

Chanjo ya kichaa cha mbwa lazima, kila mwaka, na cheti kikae ndani ya gari pamoja na logibuku. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na wewe mwenye mbwa anayetembea kaunti hadi kaunti ndo wa kwanza kuhusika. Ongeza chanjo ya distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Kabla ya safari pita ofisi ya mifugo ya kaunti, umwambie afisa unatoka wapi unakwenda wapi, akikuandikia kibali chukua, na hapo hapo uliza kama huko mwendako kuna karantini ya ugonjwa wowote. Wa kuvuka mpaka wa Lunga Lunga kwenda Tanga huyo ana kazi zaidi, cheti cha afya na vibali vya nchi zote mbili, aanze wiki nyingi kabla.

Dawa ya kupe ni ya kupakwa au ya kumeza, ianze kabla ya safari isubiri kupe, isianze baada ya kuona kupe. Kupe wa kahawia wa huku pwani anabeba magonjwa ya damu yanayoua mbwa mkubwa mwenye nguvu zake kwa siku chache. Mbu nao wanabeba minyoo ya moyo, muulize daktari kuhusu dawa ya kila mwezi. Sanduku la dawa liwe na pima joto ya mbwa, bandeji pana, maji ya chumvi ya kuosha kidonda, koleo ndogo ya kutolea kupe na miiba, na namba za madaktari wa mifugo wa kila mji mtakaopita, umeziandika kwenye karatasi manake simu inazima na mtandao unapotea.

Njia

Kosa la watu wa Malindi kwenda bara ni kuona kwenye ramani ile barabara ya kupitia Sala geti mpaka Voi, fupi, nzuri, unapita kando ya mto Galana. Na mbwa haiwezekani. Ile inapita katikati ya Tsavo Mashariki na hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, haziruhusu wanyama wa kufugwa, utarudishwa getini na utakuwa umeshaingia ndani kilomita zaidi ya 100. Na wana sababu nzito. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti, ugonjwa wa mbwa wa vijijini, ikaua karibu thuluthi moja ya simba wa huko, kama simba 1,000. Hiyo sheria inawalinda wanyama dhidi ya mbwa wetu wakiwa wagonjwa hata bila kuonyesha, kwa hivyo usimfiche mbwa nyuma ya pazia.

Wewe shuka mpaka Mavueni karibu na Kilifi, kata kulia njia ya Kaloleni mpaka Mariakani. Ni lami, ina milima na kona lakini unakwepa foleni yote ya Mtwapa na ya Mombasa, na foleni ndo adui, gari haiendi, upepo hakuna, jua linapiga paani. Ondoka Malindi saa kumi alfajiri. Jua likichomoza uko upande wa Kaloleni, saa tatu au tatu unusu uko Voi kama hakuna lori lililolala barabarani, na hapo safari ya siku imeisha. Najua wewe ungependa kuendelea, Nairobi iko kilomita kama 330 tu, lakini kipande cha Voi mpaka Mtito Andei na kuendelea ukikipita saa sita mchana na mbwa nyuma unatafuta balaa. Pumzika Voi kwenye kivuli, pale ni juu kidogo na hewa ni kavu, kutweta kunafanya kazi. Alfajiri ya pili endelea, mkifika Emali na Sultan Hamud utaona mwenyewe mbwa wamefunga midomo wamelala. Nairobi mwezi wa saba ni baridi, mbwa wetu wa pwani wenye manyoya mafupi wanatetemeka usiku, beba blanketi lake.

Pale Voi na Mtito usimtembeze mbwa usiku wala alfajiri gizani nje ya mahali palipozungushwa ua. Chui anapenda mbwa, na ndovu hawana ratiba. Nyani wa kando ya barabara nao usiwachukulie kama mchezo, dume la nyani lina meno marefu kuliko ya mbwa wako na hawako peke yao, mkiwaona endesheni mbele ndo msimame.

Wa kwenda Diani, foleni ya feri ya Likoni juani na mbwa ndani ni mateso, tafuta njia ya Dongo Kundu kutokea Miritini.

Na wanaoniuliza Lamu: gari inaishia Mokowe, kutoka hapo ni boti, na mji wenyewe vichochoro vyake punda wawili wakipishana mtu anapanda barazani, paka wamelala kila mahali. Kumpitisha boaboel hapo ni kumtesa yeye na kuwatesa wenyeji, na kumwacha kwenye gari Mokowe nimeshasema haifai. Lamu nenda bila mbwa.

Pa kulala, na watu

Usiku wa kwanza wa majaribio uwe karibu na nyumbani, upande wa Mambrui ni pazuri, ukivuka daraja la Sabaki kilomita chache tu umefika na kitu kikiharibika unarudi. Ukiona shamba la minazi limekupendeza usiingize gari kwanza. Simamisha barabarani, mbwa wabaki na mwenzako, wewe nenda kwa miguu ubishe hodi. Mazungumzo yanakuwa hivi:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hayo majibwa ni yako?”

“Ni yangu babu, yamefungwa, hayashuki bila kamba. Naomba kulala hapa usiku mmoja, alfajiri nimeondoka.”

“Yakae upande ule wa chini. Hapa kisimani na pale kwenye jamvi langu yasifike.”

Mkataba wote ndo huo, na ufuate kama ulivyo. Kisima na jamvi. Maji teka mwenyewe kwa ndoo yako ya maji ya watu, umimine kwenye jerikani la mbwa huko huko kwenye gari, beseni la mbwa lisikanyage karibu na kisima. Huku wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba na moja wapo kwa mchanga. Kumfuga wa kulinda hakuna aliyekukataza, lakini mtu ametoka kutawadha anakwenda msikitini na mbwa wako anamtikisia udenda kwenye kanzu, huyo umemharibia swala yake na jina la wenye mbwa wote. Kwa hivyo usisimame karibu na msikiti, na Ijumaa mchana usipite na mbwa mjini kabisa. Na wewe unayeswali, mkeka wako, kikoi, leso, weka kwenye mfuko wa kufungwa juu kabisa ambako mbwa hafiki, la sivyo kila swala utakuwa unafua.

Watoto watakuja, lazima, mbwa mkubwa ni sinema. Wengine watarusha kijiwe waone atafanya nini. Ongea nao mapema kwa upole, waambie majina ya mbwa, waambie wasikimbie, manake mtoto akikimbia akipiga kelele hata mbwa mtulivu anataka kumfukuza. Kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kile ambacho mbwa anaweza kutweta na kunywa maji nacho, mzoeshe nyumbani. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo kisitumike huku pwani, mbwa asiyeweza kufungua mdomo hawezi kupoa.

Kivuli cha kulala gari usichague mnazi. Nazi ikianguka inatoboa paneli ya sola, na kichwa cha mbwa je? Tafuta mwembe, mkwaju au mkorosho, na uangalie jua linakwenda wapi, kivuli kizuri cha saa mbili asubuhi saa tano hakipo. Turubai jeupe au la kijivu likiwekwa ubavuni limeachana na gari kama futi moja hewa ipite, linasaidia kuliko lile jeusi la kulalia bodi.

Kinyesi kizoe. Chimba au weka mfukoni uondoke nacho. Mashamba ya watu yana watoto wanaotembea pekupeku.

Ufukweni

Mbwa wetu wanapenda bahari lakini bahari ina masharti. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, na ya Watamu ni za KWS, huko mbwa haendi. Mahali pengine nenda alfajiri au jioni, weka kiganja kwa upande wa nyuma juu ya mchanga, ukishindwa kukikalisha sekunde 7 basi nyayo zake zitaungua. Beba maji yasiyo na chumvi, mbwa aliyekimbizana na mawimbi akinywa ya chumvi anaanza kutapika na kuhara, na akinywa mengi ni sumu. Mkimaliza msuuze, chumvi ikikaukia kwapani na chini ya hanesi inamchubua.

Cha kuangalia sana ni bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha. Maji yakitoka utawakuta wamekufa mchangani, wamevimba au wamesinyaa, na mbwa mkubwa anakameza kamoja kabla hujafika. Sumu yake inapooza misuli mpaka ya kupumua na dawa ya kuikata hakuna. Akila, usingoje aonyeshe dalili, panda gari nenda kwa daktari. Ndo maana mimi nasema ufukweni kamba ndefu, hata kwa mbwa anayesikia. Na kasa wanataga mayai kwenye fukwe zetu, mbwa akianza kuchimba mahali pa juu ya mstari wa maji mwondoe hapo hapo.

Mto Sabaki, usimwache anywe wala aoge. Kuna mamba na viboko, na maji yale ya rangi ya udongo huwaoni.

Tumbo

Chakula usibadilishe safarini. Anayekula ugali na omena au unga wa mbwa wa dukani aendelee na hicho hicho, ukipike jioni upoe usiku. Mifupa iliyopikwa, ya kuku na ya mbuzi, hapana, inapasuka vipande vya kutoboa utumbo, na kwenye vibanda vya nyama choma watu wana moyo mzuri watamrushia, waambie mapema.

Gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku kidogo kidogo na usimlishe kabla tu au baada tu ya kukimbia. Hawa wa kifua kirefu, shepadi na gredeni, tumbo linaweza kujaa hewa na kujigeuza. Dalili yake ijue: anataka kutapika, anajikamua, anatoa povu tu, hakuna kinachotoka, tumbo limekaza upande, hatulii, anaangalia ubavu wake. Hiyo haina dawa ya nyumbani, inataka upasuaji na ni saa chache tu mlizo nazo. Iwe saa nane usiku, mnaondoka.

Akizidiwa na joto

Mwinue mdomo wa juu uone ufizi. Wa mbwa mzima ni wa waridi na una unyevu, bonyeza kwa kidole uwe mweupe, ukiachia rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Fanya hivyo nyumbani akiwa mzima uijue rangi yake, manake wengine wana ufizi mweusi na itabidi uangalie ndani ya kope. Mwenye joto ufizi unakuwa mwekundu sana kama umepakwa rangi, mate yanakuwa mazito yanavutika, ulimi unalegea umepanuka upande, anatweta kwa kelele, kisha anaanza kuyumba. Pima joto kwa njia ya haja kubwa: kawaida ni 38 mpaka 39 na kidogo, ikifika 41 ni hatari ya kufa.

Poza kwanza, alafu ndo umpeleke. Kivulini, mwagia maji mwili mzima, tumboni, kwapani, mapajani, shingoni, jerikani lote litumike usilionee uchumi, na feni au kadibodi ya kumpepea juu ya hayo maji. Maji ya kawaida ya bomba yanatosha. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, linageuka moto juu yake. Anayejitambua mpe maji anywe mwenyewe kidogo, asiyejitambua usimmiminie mdomoni. Ikishuka mpaka 39.5 acha kumwagia, mkaushe kidogo, na mwende kwa daktari hata kama amesimama anatikisa mkia, manake figo na damu zinaweza kuharibika kesho yake.

Mkirudi nyumbani

Toa kila kitu, osha sakafu na ringi kwa maji na sabuni, jua liingie siku nzima milango wazi. Mbwa mkague kwa vidole, pole pole, ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, chini ya kola, kwapani na chini ya mkia, huko ndo kupe wanajificha. Ukimpata mshike kwa koleo karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimchome na sigara wala kumpaka mafuta ya taa. Wiki mbili tatu zinazofuata muangalie: akikataa chakula, akiwa na homa, ufizi ukififia, au mkojo ukawa rangi ya chai kavu, mpeleke siku hiyo hiyo, na umtajie daktari kila mahali mlipolala ajue aanze kupima damu kutafuta nini.